Kilima Kisicho na Nyumba

Wako watu wanaodhani kuwa mtu mzima anayekata njiti za kiberiti ili apate mataruma ya reli amerudi utotoni. Nimeambiwa hivyo mara nyingi, wakati mwingine kwa adabu na wakati mwingine bila adabu, na sina kinyongo nao. Ugomvi wangu ni na kundi jingine: wale wanaoikubali reli ya mfano, wanaipenda, wanasimama mbele yake kupigwa picha, walakini wanataka iwe nzuri. Hao ndio walionifanya niandike kurasa hizi. Wala siwezi kuwasema bila kujisema mwenyewe, kwa sababu nilipata kuwa mmoja wao.

Shule niliyoiongoza hapa Mwanza miaka ya 1990 ilikuwa karibu na reli kiasi kwamba honi ya treni ilimkatisha mwalimu maneno. Watoto wengi walikuwa wa wafanyakazi wa reli na wa bandari, wengine wa wavuvi, na wengine wa akina mama wanaoponda kokoto huko milimani. Hata hivyo tuliwafundisha reli kwa kuchora ubaoni mstari mweusi wenye vistari vidogo vya kukingama. Mstari unatoka Dar es Salaam, unafika Tabora, hapo unagawanyika. Mmoja unakwenda Kigoma, ulikofika wakati wa Wajerumani mwaka 1914, na mwingine unakuja kwetu, ulikofika wakati wa Waingereza mwaka 1928. Mtoto alikariri miaka hiyo akapata alama zake. Ukimwuliza kwa nini reli imepita bondeni na kando ya ziwa, haikupanda Bugando, alikutazama tu, naye kila siku aliivuka akija shule.

Basi mwaka 1994 tukaamua kuijenga. Fedha hatukuwa nazo. Tulipata hadibodi moja ya futi nane kwa nne, miguu ya madawati mabovu, na mwalimu mmoja wa sanaa aliyekuwa na mikono ya fundi. Mimi nilisomea ualimu Butimba, chuo ambacho kwa miaka mingi kimelea walimu wa sanaa na muziki, na huko tulifundishwa kutengeneza zana kwa vitu vya kuokota. Nilikuwa pia na magazeti machache ya Kimarekani ya watu wanaojenga reli za mfano, yaliyoachwa na mwalimu wa kigeni aliyerudi kwao. Magazeti hayo yalinisaidia na kunipotosha kwa wakati mmoja.

Yalinipotosha kwanza. Reli yetu ya mwanzo ilikuwa ya duara. Katikati ya duara tuliweka kilima cha mviringo kama ugali uliopakuliwa, tukakipaka rangi ya kijani. Stesheni ilikuwa na paa jekundu. Ziwa lilikuwa buluu, buluu ile ya ramani. Walimu tulipomaliza tulisimama tukajipongeza. Kisha tukawaita watoto wa darasa la sita, nao wakaitazama kwa heshima, kama wanavyotazama picha za Ulaya. Msichana mmoja, ambaye baba yake alikuwa mwendesha treni, akaniuliza, "Samahani Mwalimu, hii ni reli ya wapi?" Nikamjibu kuwa ni ya Mwanza. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu," kwa sauti ile ambayo kila mwalimu anaijua, sauti ya mtoto ambaye hakuamini lakini amelelewa vizuri.

Tukaibomoa siku ya Jumamosi. Sijutii kazi iliyopotea, maana hapo ndipo tulipoanza kutazama.

Jambo la kwanza lilikuwa duara lenyewe. Watengenezaji wa vitreni vya plastiki vinavyouzwa madukani huwapa watoto reli ya duara kwa sababu ni rahisi na haimalizi mchezo. Lakini reli ya duara haifiki popote. Reli ya Mwanza ina mwisho: inafika majini. Na pale Mwanza Kusini, mahali inapoishia nchi kavu, wajenzi hawakuishia hapo, kwani mabehewa yaliingizwa ndani ya meli yenye reli sitahani, MV Umoja, yakavuka ziwa hadi Port Bell upande wa Uganda, yakaendelea na safari. Mtoto anayechezea duara hawezi kulijua hilo. Hawezi hata kuuliza.

La pili lilikuwa vipimo. Reli yetu ya zamani ina upana wa meta moja kati ya chuma na chuma. Kwa hiyo ukichagua kipimio cha moja kwa mia, upana unakuwa sentimeta moja kamili, na mtoto yeyote mwenye rula anaweza kuupima. (Wazungu wenye kupenda mambo haya hutumia zaidi moja kwa themanini na saba, hesabu ambayo sikuona sababu ya kumtesea mtoto.) Taruma lenye urefu wa meta mbili linakuwa sentimeta mbili: njiti moja ya kiberiti, ukikata kichwa chake, inakupa mataruma mawili. Ukiyapanga kwa nafasi ya milimita saba katika ubao wa sentimeta 244, unahitaji kama 350. Hesabu hiyo waliipiga watoto, si mimi. Spoki za baiskeli zikawa vyuma vya reli. Mtu akawa na kimo cha sentimeta moja na nusu na ushei, na mlango wa nyumba sentimeta mbili, na hapo tukagundua kuwa katika ile kazi yetu ya kwanza tulikuwa tumejenga stesheni ambayo stesheni masta asingeweza kuingia ila kwa kutambaa.

Kisha kilima. Ukiiambia treni ya mizigo ipande meta moja kwa kila meta hamsini, tayari umeichosha. Katika ubao wetu wote hiyo ni sentimeta tano tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilima chetu kilikuwa na sentimeta arobaini. Mvulana aliyepewa kazi ya kupitisha spoki alijaribu juu, akajaribu ubavuni, mwishowe akaipitisha chini kando ya maji, akaniambia kwamba hakuna njia nyingine. Nilikuwa nimefundisha somo hilo miaka ishirini kwa maneno, naye alilipata kwa alasiri moja.

Mawe yalitushinda kwa muda mrefu. Mtu asiyefika Mwanza hawezi kuelewa jinsi mawe yalivyo mji wetu. Tulijaribu kubandika kokoto halisi, ubao ukapinda kwa uzito. Tukaloweka magazeti, tukayaponda pamoja na uji wa muhogo, tukayafinyanga. Yakatokea mawe kama viazi. Ndipo mwalimu wa sanaa alipowatoa watoto nje, akawakalisha saa nzima wakitazama kilima kilicho nyuma ya shule bila kuchora chochote. Waliporudi walijua mambo ambayo sisi watu wazima tulikuwa tumeyapita kila siku: kwamba jiwe huvunjika kwa sura bapa na kulala juu ya jiwe jingine kwa ubapa huo, kwamba nyufa zake huelekea upande mmoja, kwamba maji ya mvua huacha michirizi myeusi kuteremka chini, kwamba lile Jiwe la Bismarck pale ziwani ni jeupe kichwani kwa sababu ya ndege, wala si kwa sababu ya jiwe. Rangi yetu ikatokana na majivu, masizi ya sufuria na maji ya chai. Majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa yalianikwa yakawa udongo na majani makavu. Mabati tulitengeneza kwa karatasi ya fedha ya pakiti za sigara, iliyosuguliwa juu ya kitana mpaka ikapata mikunjo, na kutu ilikuwa kutu kweli, iliyokwanguliwa kwenye bati bovu la choo cha shule.

Na ziwa tulilipaka rangi yake. Ghuba ya Mwanza karibu na gati si buluu. Ni ya kijani kibichi kuelekea hudhurungi, na katika miaka ile ilikuwa imeanza kuvamiwa na magugu maji. Tulipaka kioo kwa upande wa chini, tukaweka na magugu.

Hapa niseme neno juu ya yale magazeti, maana si haki kuyalaumu tu. Humo nilisoma habari za Mmarekani mmoja, John Allen, wa Monterey huko California, ambaye reli yake ya mfano ilisifika duniani. Alisifika kwa vumbi. Wakati wenzake walikuwa wakipanga mabehewa yanayong'aa kama yametoka dukani, yeye aliyapaka kutu, masizi na matope, akajenga nyumba zilizochakaa. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye reli hiyo ikateketea kwa moto. Nimefikiri mara nyingi juu ya mtu aliyetumia umri wake kutia kutu kwenye vitu vipya ili viwe kweli.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mei 1996 reli yetu ilikuwa karibu kukamilika. Tarehe 21 ya mwezi huo MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, imepakia kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Sina haja ya kueleza siku zile kwa msomaji wa hapa. Shuleni kwetu madawati yalikuwa na nafasi wazi, na baadhi ya watoto waliokuwa wamekaa walikuwa wamefiwa.

Meli yetu ya mabehewa ilikuwa imegundishwa juu ya kioo, pambo tu. Baada ya wiki kadhaa mtoto mmoja akaomba ibanduliwe. Tukatengeneza nyingine ya bati inayoelea, tukaileta kwenye beseni, na watoto wakaanza kuipakia nati za baiskeli, moja moja. Nati zikiwa chini ndani ya chombo, meli inayumba na kurudi. Nati zilezile, idadi ileile, zikiwekwa juu ya sitaha, meli inayumba kidogo, inasita, halafu hairudi. Walirudia jaribio hilo mara nyingi sana. Hakuna aliyecheka, na sikusema lolote la kuwafundisha, maana sikuwa na la kuongeza. Watu wananiuliza kwa nini nashikilia kuwa kitu cha mfano lazima kiwe kweli hata pale ambapo ukweli hauvutii. Nawajibu kwa beseni lile. Na MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikiwa na abiria wengi kupita kiasi, ikaua zaidi ya watu 200, nililikumbuka tena.

Mwaka uliofuata tukapata habari kuwa mgeni mkubwa atatembelea shule. Alikuja kwanza mtu wa kuandaa ziara. Akaisifu reli yetu kwa dhati, akaizunguka mara mbili. Kisha akasimama upande wa kilima. Juu ya mawe kulikuwa na nyumba 23 za maboksi na udongo, zenye mabati ya kutu, zimeshikilia mwinuko kama zilivyo Mabatini au Igogo, na chini yake wanawake watatu wa waya wakiponda kokoto. Kila nyumba ilijengwa na mtoto aliyekaa katika nyumba kama hiyo. Akaniambia, "Mwalimu Mkuu, kazi nzuri kabisa. Ila haya mabanda yanaharibu sura ya mji. Yaondoe, panda miti."

Nilikuwa na majibu mengi. Sikutoa hata moja. Shule ilihitaji madawati, nami nilijiambia kuwa mgeni akifurahi tutayapata. Watoto walipokwenda nyumbani nilichukua kisu nikabandua nyumba zile moja baada ya nyingine, na wale akina mama pia, nikapachika miti ya katani iliyopakwa rangi ya kijani. Kilima kikawa kizuri sana. Asubuhi yake mvulana mmoja alisimama mbele ya ubao kwa muda, akaniuliza, "Shikamoo Mwalimu. Nyumba yetu mmeihamishia wapi?" Nikamwambia, "Marahaba mwanangu. Tutairudisha." Sikuirudisha. Kilima kilibaki hivyo mpaka nilipohamishwa.

Watetezi wa uzuri wana hoja, na hoja yao si ya kipumbavu. Wanasema: kila mfano huacha kitu. Wewe mwenyewe umeweka stesheni na Mwanza Kusini katika ubao mmoja wakati kwa kipimio chako meta 244 tu ndizo zinazoenea hapo. Je, huo si uongo? Umeacha mitaa mizima. Kwa nini uruhusiwe kuacha soko na sisi tukatazwe kuacha mabanda?

Nimelitafuta jibu la swali hilo miaka mingi, nami naliona hivi. Kufupisha ni kitu kimoja, na kuficha ni kitu kingine. Anayefupisha anaacha kitu kwa sababu nafasi haitoshi, na yuko tayari kukuambia ameacha nini. Sisi tulikuwa na karatasi pembeni ya ubao iliyosema umbali gani umekatwa na wapi. Anayeficha ana nafasi ya kutosha, tena anaijaza kwa kitu kingine ili usiulize. Mahali pa nyumba 23 palikuwapo. Mimi nilipajaza miti. Na miti ile haikuwa ya mahali popote. Hata minyaa, ambayo kila Msukuma anaijua kama ua wa boma, haikuwamo.

Tena uzuri wa namna hiyo haukai kwenye ubao. Mtu aliyezoea kuona kilima bila nyumba katika mfano, hataona ajabu kubwa siku atakapotakiwa kutia sahihi ili kilima kiwe hivyo kweli. Mipango ya miji huanza na mifano kama hii, ya maboksi na rangi, yenye miti mingi na watu wachache wanaotembea bila mizigo. Nimeiona kwenye kumbi na kwenye mabanda ya Nane Nane. Sijaona mmoja wenye mwanamke mwenye nyundo ya kokoto, ingawa kokoto za majengo hayo yote zitatoka mikononi mwake.

Hoja ya pili ni ya siku hizi, nayo ni simu. Wajukuu wangu wanaweza kunionyesha treni yoyote duniani kwa kidole kimoja. Wamenionyesha ile ya umeme iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, na daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Nafurahi nao. Lakini picha ya simu haikulazimishi kuamua lolote. Haikuulizi jiwe linalala upande gani, wala mlango una kimo gani. Reli mpya, ambayo ujenzi wa kipande chake cha Mwanza hadi Isaka ulizinduliwa Juni 2021, ina upana wa milimita 1,435. Mwambie mtoto ajenge reli zote mbili kwenye ubao mmoja, kwa kipimio kilekile, na ajaribu kupitisha behewa la moja juu ya nyingine. Hatahitaji kuhutubiwa kuhusu gharama ya kuhamisha mizigo.

Wanaosema kwamba mtihani hauulizi mambo haya wana haki, na sitapoteza karatasi kwa ajili yao.

Ubao wa shule nilisikia uliliwa na mchwa stoo. Nyumba sikuzitupa. Nilizitia ndani ya debe lenye mfuniko, nikahama nalo kila nilipohamishwa, na mke wangu amekwisha kuacha kuniuliza lina nini. Mwaka jana nilinunua hadibodi nyingine na kuiweka barazani. Mawe yamekwisha, nayo ni mazuri kuliko ya kwanza, ingawa mikono inatetemeka ninapochora michirizi ya maji. Juzi nimelifungua debe. Nyumba ni 21. Mbili zimesagika, na wale akina mama wa waya wameshika kutu bila mimi kuwapaka. Ile yenye mlango wa buluu ni nzima. Najua ilikuwa ya yule mvulana, kwa kuwa aliandika jina lake chini kwa kalamu ya risasi. Sikumbuki alikuwa ameibandika wapi, juu au chini ya lile jiwe kubwa. Nimetuma salamu kwa watu wa mtaa ule kumwulizia.

Sijaibandika bado.